Somo la Mara Hii: Chumba Kimoja, Zamu Tatu

Ndugu wafanyakazi, somo letu la mara hii linahusu kabati la darasa. Pengine mtauliza: kabati linamhusu nini mtu wa kiwandani au wa shamba la chai? Linamhusu sana. Ada ya shule za msingi nchini Burundi ilifutwa mwaka 2005. Watoto walijaa, na shule nyingi zikalazimika kufundisha kwa zamu, kundi moja asubuhi na jingine mchana. Katika mtaa kama Kamenge, wenye watu wengi na nafasi ndogo, chumba hicho hicho huweza kuombwa jioni na watu wazima wanaojifunza kusoma. Zamu tatu, kabati moja, ufunguo mmoja! Mwenye ufunguo akienda kwake, vitabu vimekwenda naye.

Mambo ya zamu sisi tunayajua. Katika karakana iliyo na mpango mzuri kila spana imechorewa umbo lake ukutani. Ikikosekana, kila mtu anaona pengo. Desturi hiyo tuihamishie darasani. Tung'oe mlango wa kabati bovu, tuupigilie ukutani, tuchore juu yake kwa rangi mkasi, rula, bikari na kengele, na kila kimoja kipate msumari wake. Kabati lililobaki tulilaze ubavu: linakuwa rafu fupi ambayo hata mtoto wa darasa la kwanza anaifikia.

Lakini lisikae sakafuni. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Februari 2014 mvua kubwa ilipiga mitaa ya kaskazini ya Bujumbura, Kamenge ikiwamo, na watu zaidi ya 60 walikufa. Mbele ya msiba kama huo daftari si kitu. Hata hivyo watoto walionusurika wanarudi shuleni na wanahitaji vitabu. Basi rafu iinuliwe juu ya matofali, na karatasi yoyote isiwekwe chini ya usawa wa goti. Iachwe pia nafasi ya vidole viwili kati ya rafu na ukuta, maana unyevu na mchwa hupitia hapo.

Magunia ya kahawa ya kilo 60 yanafaa kuliko watu wanavyodhani. Gunia moja lipasuliwe na kuoshwa, la pili likatwe vipande vya mifuko na kushonewa juu yake kwa safu. Mfuko wenye upana wa sentimita 20 unatosha daftari na kalamu ya mwanafunzi mmoja. Kila mfuko uandikwe namba. (Kreti za bia pia ni rafu nzuri, ila tusisahau kwamba zina mwenyewe: anayeitoa awe ameilipia dhamana.)

Wapo watakaosema kwamba kabati lisilo na mlango linakaribisha wizi. Hoja hiyo ina uzito. Kwa hiyo rejesta na karatasi za mitihani zikae katika sanduku la bati lenye kufuli. Chaki, rula na vitabu vya kusomea vibaki wazi, na viwe na daftari la makabidhiano lenye safu nne: tarehe, kilichokutwa, kilichoachwa, sahihi. Darasa la jioni lichague mtu wake wa kulijaza, na yeye ndiye apewe ufunguo wa pili wa chumba. Ombi hilo lipelekwe kwa mkuu wa shule kwa maandishi. Asiyeweza bado kuandika jina lake atie dole gumba, mpaka siku atakapoliandika.