SOMO: Kupima Ubora wa Korosho kwa Sampuli



Katika somo hili tunaangalia jambo linalogusa kipato cha kila kaya inayolima korosho Masasi na Newala: shehena nzima inapimwaje kwa kuangalia korosho chache tu?

Tangu msimu wa 2007/2008, Mkoa wa Mtwara ulipoanza kutumia stakabadhi ghalani chini ya sheria ya mwaka 2005, mkulima hupeleka korosho kwenye chama cha msingi. Kutoka hapo husafirishwa hadi ghala kuu na kuuzwa mnadani kupitia vyama vikuu, MAMCU kwa upande wa Masasi na TANECU kwa upande wa Newala. Ghalani korosho za jirani mmoja na mwingine huwa fungu moja. Korosho mbichi za mtu mmoja zinaweza kushusha bei ya wote. Ndiyo maana kila mwanachama anapaswa kuelewa upimaji.

Kwa nini sampuli?

Ubora wa korosho umo ndani ya ganda, na kuuona lazima uipasue. Ukizipasua zote, hutabaki na cha kuuza. Viwanda pia vina tatizo hilohilo. Mwaka 1929 Wamarekani Harold Dodge na Harry Romig, waliofanya kazi katika maabara za kampuni ya simu ya Bell, walichapisha njia ya kukubali au kukataa shehena kwa kukagua sehemu yake ndogo. Kanuni yao inatufaa hata ghalani.

Magunia mangapi?

Tuchukue shehena ya magunia 100, na 10 kati yake ni mabovu. Tukichagua 5 bila upendeleo, mara 58 kati ya 100 hatutakutana na bovu hata moja. Tukichagua 10, tutayakosa mara 33. Tukichagua 20, tutayakosa mara 10 tu hivi. Kwa hiyo anayefungua magunia mawili ya mlangoni na kusema "mzigo ni safi" anabahatisha.

Kuchagua bila upendeleo maana yake kila gunia lina nafasi sawa. Yapeni magunia namba, andikeni namba kwenye vikaratasi, kisha mtu achomoe kutoka kwenye kopo. Mwenye mzigo asichague, na mnunuzi naye asichague.

Hatua za kupima

1. Chukua korosho juu, katikati na chini ya kila gunia lililochaguliwa. Korosho zilizolowa au kokoto mara nyingi hufichwa katikati.

2. Changanya zote kwenye turubai. Gawa mafungu manne, chukua mawili yanayotazamana, changanya tena. Rudia mpaka ibaki kilo 1.

3. Hesabu korosho zilizomo. Zikiwa nyingi mno, ni ndogo.

4. Pasua zote. Tenga viini vizuri, vyenye kasoro ndogo kama madoa au kusinyaa, na vilivyooza, vyenye ukungu au vilivyoliwa na wadudu.

5. Pima uzito. Viini vizuri huhesabiwa vyote, vyenye kasoro ndogo nusu, vilivyooza havihesabiwi.

Mfano: viini vizuri ni gramu 255, vyenye kasoro ndogo gramu 20. Jumla ni 255 na 10, yaani gramu 265 kwa kilo. Gunia la kilo 80 litatoa kilo 21.2 za viini, takriban ratili 47. Wanunuzi wa korosho duniani huulizia hesabu hiyo ya ratili kwa gunia.

Tahadhari

Methali husema samaki mmoja akioza, wote wameoza. Sampuli haisemi hivyo. Korosho chache mbovu hazitoshi kukataa shehena, wala chache nzuri hazitoshi kuisifu. Kiwango cha kukubali kiwekwe kabla ya kupima, si baada ya kuona matokeo. Tena upimaji hauboreshi korosho. Ubora huanza shambani: kuokota mapema zilizodondoka, kuanika juani siku mbili au tatu, kutochanganya za mwaka jana na mpya, na kutumia magunia makavu.

Upimaji ufanyike hadharani, matokeo yaandikwe, na mkulima apewe nakala. Mnyonge asiyejua hesabu hupunjwa kirahisi, anayeijua huuliza.

Maswali ya kujadili kikundini

1. Katika chama chetu, nani huchagua magunia ya kupimwa? Je, ni haki kwa wote?

2. Sampuli ya kilo 1 imetoa viini vizuri gramu 240 na vyenye kasoro ndogo gramu 30. Gunia la kilo 80 litatoa kilo ngapi za viini?

3. Tufanye nini ili anayekausha vizuri asibebe mzigo wa asiyekausha?