Kikombe cha Mwisho Kinywewe Saa Ngapi?

Kijitabu cha kaya: kahawa, misimu ya mwaka na usingizi

Baada ya magharibi, vikombe vikigonganishwa husikika mtaani kabla muuza kahawa mwenyewe hajatokea. Anakuja na dele lake juu ya jiko dogo la mkaa, ndoo ya maji ya kusuuzia vikombe, na kashata. Watu wanasogea barazani, mmoja anafungua habari za mpira, mwingine za bei ya mchele, na kikombe cha pili kinamiminwa kabla cha kwanza hakijapoa.

Hatukuandika kijitabu hiki ili kukuondoa kwenye baraza hiyo. Baraza nayo ni afya: mzee anayekaa na wenzake kila jioni ana watu wa kumuulizia siku asipotokea. Tunachotaka kuzungumza nawe ni saa. Nikiuliza habari za usingizi ninapotembelea nyumba, jibu ninalolisikia mara nyingi ni hili: "Mimi kahawa hainisumbui, nakunywa na nalala." Kulala analala, sikatai. Ila je, usingizi wenyewe ni mzito? Na mwezi wa pili, joto likiwa limekaba, analala kama anavyolala mwezi wa saba?

Kinywaji cha kukeshea

Asili ya mbuni ni Ethiopia. Katika karne ya 15 masufi wa Yemen walikuwa wakinywa kahawa ili wakeshe katika dhikri. Walijua wanachokitafuta. Sisi tumeirithi kahawa pamoja na mazungumzo yake na kashata zake, tukasahau kwamba ilipendwa kwanza kwa sababu inafukuza usingizi.

Kinachoufukuza ni kafeini, ambayo mkemia Mjerumani Friedlieb Ferdinand Runge aliitenga kutoka kwenye buni mwaka 1819. Tangu tunapoamka, ubongo hukusanya taratibu kemikali iitwayo adenosini, na kadiri inavyozidi ndivyo macho yanavyokuwa mazito. Kafeini inafanana kiasi na adenosini, kwa hiyo hukalia nafasi zake. Uchovu uko palepale, ila ubongo haupati habari zake. Kafeini ikishaondoka, uchovu wote uliokuwa ukingoja huja kwa mkupuo.

Huondoka polepole kuliko wengi wanavyodhani. Mtu mzima mwenye afya huchukua takribani saa 5 kuondoa nusu tu ya kafeini aliyokunywa. Tuhesabu. Umekunywa kahawa yenye miligramu 100 saa 12 jioni. Saa 5 usiku, unapojifunika shuka, miligramu 50 bado zinazunguka kwenye damu. Saa 10 alfajiri bado zipo 25. Hiyo ni hesabu ya wastani. Wapo ambao nusu huondoka kwa saa 2 au 3, na wapo wanaohitaji hata saa 10. Vidonge vya uzazi wa mpango huichelewesha kafeini kutoka, karibu mara mbili. Moshi wa sigara huiharakisha, na ndiyo maana mtu aliyeacha sigara anaweza kukuta kahawa yake ya siku zote imemzidi nguvu. Asiogope. Apunguze kikombe, na aendelee hivyohivyo kutovuta.

Mwaka 2013 watafiti wa Marekani walichapisha jaribio ambalo kila mpenzi wa kahawa angefaa kulijua. Waliwapa watu miligramu 400 za kafeini saa 6 kabla ya kulala. Kifaa cha kupimia usingizi kilionyesha kuwa wamepoteza zaidi ya saa 1 ya usingizi, lakini wenyewe, walipoulizwa, hawakuona tofauti kubwa. Yule wa "nakunywa na nalala" anasema kweli kwa kadiri anavyojua. Kafeini hupunguza usingizi ule mzito wa mwanzo wa usiku, na mtu aliyelala hawezi kuupima usingizi wake mwenyewe. Dalili huonekana mchana: kusinzia kwenye daladala, hasira za karibu, na kuihitaji kahawa ya asubuhi ili tu ajisikie mtu.

Udogo wa kikombe usikudanganye

Kwa mtu mzima asiye mjamzito, Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilieleza mwaka 2015 kuwa hadi miligramu 400 kwa siku hazina wasiwasi kiafya. Kikombe kikubwa cha kahawa ya kuchuja huwa na kama 95. Chai ya majani huwa na karibu nusu ya hapo. Kahawa ya barazani haipimiki kwa urahisi hivyo, kwa kuwa kila mpishi ana mkono wake, na dele likikaa juu ya mkaa huzidi kukolea. Kisha kuna aina ya buni. Robusta, inayolimwa zaidi Kagera, ina kafeini karibu mara mbili ya arabika ya Kilimanjaro au Mbinga. Buni za kutafuna ambazo Wahaya humkaribishia mgeni ni robusta vilevile, nazo zihesabiwe, hata kama hazikumiminwa kwenye kikombe.

Hesabu pia vile visivyoitwa kahawa. Kopo la mililita 250 la kinywaji cha kuongeza nguvu huwa na miligramu 80 hivi, na vijana wetu hulinywa usiku wakisoma au wakitazama mpira. Baadhi ya vidonge vya kichwa vinavyochanganya parasetamo na kafeini vina miligramu 65 kwa kidonge kimoja. Mtu anameza viwili saa 3 usiku kwa sababu kichwa kinamuuma kwa kukosa usingizi. Soma karatasi ya dawa, au muulize mfamasia.

Kaskazi: usiku wa joto

Pwani yetu iko karibu na ikweta. Dar es Salaam, tofauti kati ya mchana mrefu kuliko yote na mfupi kuliko yote haifiki saa 1. Ndugu zetu walioko London huona mchana wa chini ya saa 8 wakati wa baridi na wa zaidi ya saa 16 wakati wa kiangazi, na usingizi wao huvurugwa na mwanga. Sisi huvurugwa na joto.

Ili usingizi uingie, joto la ndani ya mwili sharti lishuke kidogo. Mwili hulitoa kupitia ngozi, hasa viganjani na miguuni. Kuanzia Desemba hadi Machi, upepo wa kaskazi ukivuma, chumba chenye dirisha moja na bati lililopigwa jua kutwa hakimpi mtu pa kulitolea. Usingizi unakuwa mwepesi, unakatika, unarudi. Kahawa ya jioni ikiukuta usingizi wa namna hiyo, inaumalizia. Kikombe ambacho Julai ulikimudu saa 11 jioni kinaweza kukukesheza Februari, na wala si uzee wala mawazo.

Wapo wasemao kahawa ya moto hupoza mwili. Si uongo mtupu. Kinywaji cha moto huleta jasho, na jasho likikauka hupoza. Tatizo ni kwamba hewa ya pwani miezi hiyo imejaa unyevu, jasho linatiririka bila kukauka. Umepata jasho, hukupata ubaridi.

Kwa hiyo ushauri wetu kwa kaskazi ni mkali kidogo: kahawa ya mwisho iwe kabla ya saa 8 mchana. Maji yanywewe zaidi, kwa sababu kahawa haichukui nafasi yake. Oga kabla ya kulala, fungua madirisha yenye wavu jioni upepo upite. Na ukiamka usiku wa manane bila usingizi, usitoke nje kupunga upepo kifua wazi. Mbu wa malaria huuma usiku, hadi karibu na mapambazuko. Wengi huacha chandarua miezi hii wakilalamikia joto. Mwenye usingizi mzito hubaki ndani ya chandarua chake, na hiyo ni sababu moja zaidi ya kuulinda usingizi huo.

Ramadhani

Mwezi wa Ramadhani hurudi nyuma kama siku 11 kila mwaka wa kalenda ya kawaida, hivyo huizunguka misimu yote. Unapoangukia kaskazi, mambo mawili hukutana: joto, na kahawa iliyohamia usiku. Mtu ameswali tarawehe, anakaa barazani saa 4 usiku, anakunywa vikombe vitatu. Daku ni saa 10 alfajiri. Usingizi wake wote uko kati ya hapo, na kafeini imekaa katikati yake.

Kama huwezi bila kahawa, inywe mara baada ya futari, kikombe kimoja. Baada ya tarawehe, baraza ipate kinywaji kingine. Na maumivu ya kichwa ya siku za mwanzo za kufunga mara nyingi hutokana na mwili kuikosa kahawa ya asubuhi. Huanza saa 12 hadi 24 tangu kikombe cha mwisho, na yanaweza kudumu siku kadhaa. Dawa yake ianze Shaaban: wiki mbili kabla ya mfungo, punguza kikombe kimoja kila baada ya siku chache.

Masika na kipupwe

Mvua ya masika hufunga watu ndani, kahawa na chai zinahamia jikoni, na watoto nao wanapata sehemu yao. Mtoto wa darasa la tatu anahitaji usingizi wa saa 9 hadi 12. Kikombe cha chai ya rangi kwenye chakula cha usiku, kwa mwili mdogo kama wake, si jambo dogo. Mpe maziwa ya moto, uji, au mchaichai uliochemshwa bila majani ya chai. Mchaichai, tangawizi, mdalasini na iliki havina kafeini, na hata mtu mzima anayependa kushika kikombe cha moto usiku atakuta humo karibu kila anachokitafuta. Ukimzoesha muuza kahawa wa mtaani, atabeba dele la pili la tangawizi. Nimeona ikifanyika, na liliisha kabla ya lile la kahawa.

Juni hadi Agosti upepo ni wa kusi. Pwani usiku unapoa, na Njombe au Makete watu hulala na mablanketi mawili. Huu ndio msimu wa usingizi mzuri, na ndio msimu ambao kahawa huongezeka kwa kisingizio cha baridi. Kinachokupasha joto ni maji ya moto, kafeini haina kazi hiyo. Mtu mwenye afya anaweza kusogeza kikombe cha mwisho hadi saa 9 au 10 alasiri, kama hulala saa 5 usiku. Wazee wasogeze mapema zaidi, maana baridi na kahawa kwa pamoja huwaamsha kwenda haja ndogo mara tatu usiku, na kuanguka gizani kumevunja nyonga za wengi.

Jambo moja la baridi tunalisisitiza kuliko yote katika ukurasa huu. Jiko la mkaa lililochemshia kahawa lisiingizwe chumbani kuleta joto. Mkaa hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, nayo huua watu wakiwa wamelala. Liache nje mpaka limezimika kabisa.

Mama mjamzito

Mimba inapokua, mwili wa mama huondoa kafeini polepole zaidi. Miezi ya mwisho, kuondoa nusu kunaweza kuchukua saa 15, na kafeini hupita hadi kwa mtoto, ambaye ini lake bado haliwezi kuishughulikia. Shirika la Afya Duniani linashauri mjamzito anayetumia zaidi ya miligramu 300 kwa siku apunguze. Mamlaka ya Ulaya niliyoitaja inaweka kikomo cha 200. Sisi tunashika hicho cha chini, kwani kahawa yetu haipimwi kwa miligramu: kikombe kimoja kidogo asubuhi, basi. Vidonge vya kuongeza damu vinavyotolewa kliniki vimezwe kwa maji, si kwa kahawa wala chai, na pawe na nafasi ya saa 1 au 2, vinginevyo madini ya chuma hayafyonzwi vizuri. Akina baba, kama mkeo ameambiwa apunguze, dele lisikae mbele yake jioni nzima.

Siku saba za kuandika

Chukua daftari la mtoto lililobaki kurasa. Kwa siku saba andika saa ya kikombe cha mwisho, saa uliyolala, mara ulizoamka, na ulivyojisikia saa 4 asubuhi. Siku saba zinazofuata, rudisha kikombe cha mwisho nyuma kwa saa 3, uandike tena. Rudia zoezi hili kaskazi na kipupwe, kwa sababu jibu la msimu mmoja halikutoshi kwa msimu mwingine.

Mwenye presha asinywe kahawa nusu saa kabla ya kupimwa, namba zisije zikapanda kwa sababu yake. Ambaye moyo humwenda mbio au hupata kiungulia kikali baada ya kahawa asingoje siku saba, aende kituo cha afya. Na kama umeshapunguza lakini bado unakosa usingizi usiku tatu au zaidi kwa wiki, na hali hiyo imefika miezi mitatu, nenda na daftari lako. Kabla hujaondoka, muulize unayelala naye chumba kimoja kama huwa unakoroma na kukatika pumzi usingizini, umweleze mhudumu, maana ugonjwa huo hauponi kwa kuacha kahawa.