Gari la Zimamoto Lisilorusha Maji

Maonyesho ya sayansi ya shule yakikaribia, barua za wanaounda magari ya zimamoto hunijaa mezani. Kukunja mabati na kufunga magurudumu sifundishi. Watoto wa Kericho na Bomet huunda magari ya waya kabla hawajajua kusoma. Nitajibu maswali yanayonikera.

Pampu inanguruma lakini maji hayatoki. Eti huku milimani hewa haina nguvu ya kuvuta maji?
*(Litein, Sotik, Kapkatet na kwingineko)*

Barua saba, uvumi mmoja. Ni kweli hewa yetu ni nyepesi. Pale Mombasa pampu ya kuvuta, hata iwe nzuri vipi, haipandishi maji zaidi ya mita 10 hivi; mjini Kericho, mita 2,000 na ushee juu ya bahari, huishia kama mita 8. Lakini nyinyi mnataka sentimita kumi! Mlima msiusingizie.

Pampu mnayonunua kwa wauza spea, ile ya kurushia maji kioo cha mbele cha gari, haijui kunyonya. Ndani mna kijifeni kinachosukuma nje chochote kinachokikuta. Kikikutwa na maji, kinayatupa. Kikikutwa na hewa, iliyo nyepesi kuliko maji mara elfu moja hivi, kinapapasa tu. Kwa hiyo pampu ikae chini ya tangi, maji yaijaze yenyewe kabla hujagusa swichi.

Kijana mmoja aliniletea gari lenye pampu juu ya paa na tangi chini. Alikuwa amebadilisha mota mara tatu. Nililishika gari nikalipindua miguu juu, nikawasha. Tulilowa sote wawili.

Halafu toboeni kifuniko cha tangi. Hewa isipoingia, maji hayatoki.

Betri ya mraba ya volti 9 inatosha?

Hapana.

Gari husimama kila nikiwasha pampu.

Pampu inalinyang'anya umeme. Ipe betri yake.

Nitafute mota kubwa ili maji yafike mbali?

Kwanza tazama mdomo wa mpira. Hujawahi kuziba mpira wa bustani kwa kidole gumba? Chukua kalamu ya Bic iliyokwisha, ng'oa mrija wa wino pamoja na ncha yake, ukate kile kipande cha mbele ukichomeke kwenye mpira. Tundu likiwa dogo kupita kiasi, utapata ukungu badala ya mshale wa maji.

Nimepata chupa ya dawa ya kupe, nimeiosha mara tano. Inafaa kuwa tangi?

Itoe nyumbani leo! Dawa hiyo huganda kwenye plastiki, na wewe unaunda mashine ya kuirushia watoto wenzako usoni. Aliyekwambia sabuni inatosha hakutakii mema. Itoboe asiiokote mwingine akawekea maziwa. Chupa tupu za maji za nusu lita zimejaa stejini.