DARAJA LA KUTISHA NI LIPI?

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Nimeichagua methali hii iwe taa ya somo langu la leo, na mwishoni utaniambia, mpenzi msomaji, kama imetumulikia njia au la. Somo lenyewe ni juu ya madaraja ya kutisha duniani.

Najua wengi wenu mnapenda sana picha za madaraja ya aina hiyo. Picha moja ikizunguka darasani, utasikia mtu akisema, "Jamani, hapo mimi sipiti hata nikipewa ng'ombe!" Nami nimezitazama, nikasoma habari zake, kisha nikajiuliza: je, daraja linalotutia hofu machoni ndilo lile lile linaloua watu? Jibu nililolipata ni la. Hebu tufuatane polepole.

1. Neno lenyewe

Kwa kuwa hili ni jarida la chama cha Kiswahili, tuanze na lugha. Neno "daraja" liko katika ngeli ya LI-YA. Tunasema daraja hili limevunjika, madaraja haya yamevunjika. Huko nje tunasikia "daraja imevunjika" na hata "madaraja zimevunjika". Ukiandika hivyo katika insha, usishangae kuona wino mwekundu. Neno hili pia lina maana ya cheo au ngazi, kama vile mtu anapopandishwa daraja kazini. Daraja huvukwa, anayevuka akimsaidia mwenziwe, basi amemvusha.

Daraja la kawaida hukaa juu ya nguzo. Lakini lipo daraja la kuning'inia. Hilo huwa na nyaya nene zinazotoka ukingo mmoja hadi mwingine, na sakafu yake imetundikwa kwenye nyaya hizo kama nguo kwenye kamba. Kamba ikikatika, nguo zote ziko chini. Lishike jambo hilo, kwa maana tutalirudia.

2. Linalotisha macho

Huko Zhangjiajie, nchini China, liko daraja ambalo sakafu yake ni ya kioo. Lilifunguliwa Agosti 2016. Lina urefu wa mita 430, na liko mita 300 hivi juu ya bonde. Ukitazama chini ya viatu vyako unaona vilele vya miti, na chini yake kabisa, kijito chembamba kama uzi. Wako wageni wanaotambaa kwa magoti, na wengine hulia wakiomba kurudishwa.

Lakini sikiliza. Kabla ya kufunguliwa, watu walialikwa wakipige kioo hicho kwa nyundo kubwa. Kioo cha juu kilipasuka, lakini sakafu haikutoboka, maana imetengenezwa kwa tabaka kadhaa. Kisha gari lenye abiria likapitishwa juu ya kioo kilichopasuka, nalo likafika salama. Siku chache tu baada ya ufunguzi, wageni walipomiminika kupita kiasi, daraja lilifungwa kwa muda ili mambo yapangwe upya. Kwa hiyo lile linaloliza watu limepimwa, na wenyewe wako macho.

3. La nyasi

Sasa twende Peru, Amerika ya Kusini. Juu ya mto Apurímac, katika jimbo la Cusco, liko daraja liitwalo Q'eswachaka. Si la chuma, si la mbao. Ni la nyasi! Nyasi husokotwa kuwa kamba nyembamba, kamba nyembamba zikasokotwa kuwa nene, na nene zikasukwa pamoja hadi zikawa kama mapaja ya mtu. Urefu wake ni karibu mita 30, na upepo ukivuma linayumba kama pembea. Ukiliona utaapa kwamba haliwezi kumbeba hata mbuzi.

Ajabu ni kwamba watu wamekuwa wakilivuka kwa zaidi ya miaka 500, tangu enzi za Wainka. Siri yake nini? Kila mwaka, mwezi wa Juni, jamii nne zinazoishi kandokando ya mto huo hukusanyika. Kila familia huleta sehemu yake ya kamba. Daraja kuukuu hukatwa likaachiwa mto, na jipya likafumwa kwa siku tatu. Siku ya nne ni ngoma na karamu. Mwaka wa 2013, shirika la UNESCO liliuingiza ujuzi huo katika orodha ya urithi wa binadamu.

Mwaka wa 2020, kwa sababu ya ugonjwa wa korona, watu hawakuweza kukusanyika. Daraja halikufumwa upya. Machi 2021 likakatika, likaanguka mtoni. Juni mwaka huo huo wakarudi, wakalifuma tena. Mwaka mmoja tu wa kuachwa ulitosha kuliangusha! Basi nguvu ya daraja lile haikuwa katika nyasi. Ilikuwa katika mikono iliyorudi kila Juni.

Jambo hili si geni kwangu. Kijijini kwetu tuna daraja la magogo ambalo watoto wa shule ya msingi hulivuka asubuhi na jioni. Kabla ya masika, wazee hulikagua wakigongagonga kila gogo kwa kisigino cha shoka. Gogo likitoa sauti ya utupu, hung'olewa siku hiyo hiyo. Hawajasomea uhandisi, lakini wanajua lililooza ni lipi.

4. La kisasa lililochezeshwa na upepo

Wapo watakaosema, "Hayo ni ya nyasi na magogo. La chuma haliwezi kufanya hivyo." Ngojeni basi. Julai 1, 1940, daraja la Tacoma Narrows lilifunguliwa katika jimbo la Washington, Marekani. Lilikuwa la kuning'inia, jembamba, la kupendeza, na nafasi kati ya minara yake ilikuwa mita 853. Wakati huo ni madaraja mawili tu ya aina yake duniani yaliyolizidi. Tangu mwanzo lilikuwa likipanda na kushuka kama wimbi, hata watu wakawa wanalijia kwa starehe ya kulivuka.

Asubuhi ya Novemba 7, 1940, upepo wa kasi ya kilomita 64 hivi kwa saa ulivuma. Upepo huo si kimbunga. Sakafu ilianza kujipinda, upande huu juu, upande ule chini, kisha kinyume chake, mpaka ikakatika na kutumbukia majini. Hakuna mtu aliyekufa. Aliyekufa ni mbwa aliyeachwa ndani ya gari.

Kisa kilikuwa nini? Kando za sakafu zilizibwa kwa bamba za chuma, kwa hiyo upepo ulikosa mahali pa kupenya. Nayo sakafu ilikuwa nyepesi na nyembamba mno. Kila ilipojipinda ilizidi kuukinga upepo, na upepo ukazidi kuipinda, kama vile mtu anayesukuma pembea kila inapomrudia. Daraja lililojengwa baadaye, likafunguliwa mwaka wa 1950, lilifanywa pana zaidi, na kando zake zikaachwa na matundu ili upepo upite. Tangu hapo wahandisi huweka mfano mdogo wa daraja katika chumba cha upepo na kuupima kwanza. Kuvunjika kwa moja kumeyaokoa mengi.

5. Kutu haipigi kelele

Hili la tano ndilo lililoniuma zaidi. Katika mji wa Morbi, jimbo la Gujarat nchini India, palikuwa na daraja la kuning'inia la waenda kwa miguu, lililojengwa katika karne ya 19. Lilifungwa kwa miezi kadhaa likitengenezwa, na Oktoba 26, 2022 likafunguliwa tena. Sakafu ilikuwa mpya. Watu wakafurika na watoto wao, maana ulikuwa wakati wa sikukuu.

Jumapili ya Oktoba 30, jioni, waya ulikatika. Siku nne tu! Watu zaidi ya 130 walikufa, wengi wao wakiwa watoto na wanawake. Wachunguzi walipouangalia waya ule mkuu walikuta nyuzi zake nyingi zilikuwa zimeliwa na kutu. Unakumbuka mfano wa kamba na nguo? Walibadilisha nguo, kamba wakaiacha ile ile. Naam, sakafu inaonekana na kila mtu, lakini kutu hukaa ndani ya waya, na haipigi kelele.

6. Hata hatua zetu

Kuna jambo jingine linalotuhusu sisi wanafunzi. Aprili 1831, kikosi cha askari 74 kilikuwa kikivuka daraja la kuning'inia la Broughton, karibu na Manchester, Uingereza. Askari waliona daraja linachezacheza kwa hatua zao, wakafurahi, wakazidi kukanyaga kwa pamoja. Bolti moja ikakatika, na 40 hivi wakajikuta mtoni. Kwa bahati hakufa mtu. Baada ya hapo askari wa Uingereza wakaamriwa kuvunja mpigo wa hatua wanapovuka daraja. Kwa hiyo, ndugu zangu wa skauti na wa mbio za nyika, mkifika kwenye daraja la kamba au la mbao, msiruke ruke kwa pamoja.

7. Na kwetu je?

Tusidhani haya ni ya ng'ambo tu. Mwishoni mwa Januari 1993, mvua kubwa ilinyesha, mafuriko yakalibomoa daraja la reli la Ngai Ndethya, kati ya Nairobi na Mombasa. Gari la moshi lilifika hapo usiku. Zaidi ya watu 100 walikufa. Daraja lile halikuwa na sifa yoyote ya kutisha. Abiria wengi walikuwa wamelipita mara nyingi wakiwa wamelala.

Na Desemba 4, 2021, katika kaunti ya Kitui, basi lililokuwa limebeba wanakwaya na wenzao waliokuwa wakienda harusini lilijaribu kuvuka mto Enziu. Maji yalikuwa yakipita juu ya daraja. Basi lilisukumwa na mkondo likazama, na zaidi ya watu 30 wakapoteza maisha. Waliosimama ukingoni walitazama kwa macho yao. Maji yanayopita juu ya daraja hayaonyeshi kina chake, wala hayakuonyeshi kama daraja lenyewe bado lipo.

8. Tuondoke na nini?

Kwanza, tusilipime daraja kwa hofu ya macho. Tuulize: nani analikagua, na lini alilikagua mara ya mwisho? Pili, ukiona bolti imetoka, ubao umeoza au nguzo imechimbuliwa na maji, usipite ukinyamaza. Mwambie mwalimu, chifu au mzee wa mtaa leo, siyo kesho. Tatu, maji yakifunika daraja, subiri. Dereva akitaka kuvuka, shukeni. Afadhali ufike shule umechelewa, uandikwe jina na kiranja, kuliko usifike kabisa.

Na haya ni maswali ya kujadiliana katika kikao chetu:

(a) Daraja la nyasi la Peru na daraja la Morbi, lipi ungelivuka? Toa sababu.
(b) Tunga sentensi mbili ukitumia neno "daraja" kwa maana zake mbili.
(c) Taja daraja moja unalolivuka ukija shuleni. Ni nani anayelikagua?

Swali la tatu ndilo gumu. Ukikosa jibu lake, basi daraja la kutisha umelipata, na huna haja ya kwenda China kulitafuta.