Mafuta Gani kwa Gurudumu la Mbao?



Likizo iliyopita niliwasaidia watoto wa madrasa hapa Buyenzi kutengeneza magari madogo ya mbao ya kushindana kwenye ubao ulioinamishwa. Mchezo huu ulianza California, Marekani, mwaka 1953, miongoni mwa skauti wadogo. Gari lao halizidi aunsi 5, yaani kama gramu 142. Halina injini. Linashushwa na nguvu ya uvutano tu, na sehemu kubwa ya mwendo huibwa na msuguano kati ya gurudumu na msumari unaolishika.

Mimi, mwanafunzi wa fizikia, nikapaka mafuta ya kupikia. Siku ya kwanza magari yaliteleza vizuri. Baada ya siku chache mafuta yalikuwa yameshika vumbi na kuwa kama gundi, na gari la mtoto mmoja likasimama katikati ya ubao mbele ya wenzake. Akaniuliza, "Ustadhi, nimekosea wapi?" Hakukosea popote. Ilinibidi niseme mbele ya wote kwamba kosa ni langu.

Tulianza upya. Kwanza msumari: chini ya kichwa chake huwa na vinundu vya kiwandani, tukavikata kwa tupa, kisha tukausugua kwa msasa laini mpaka ukang'aa. Hatua hii ndiyo wengi huiruka, na hakuna kilainishi kitakachoifidia. Halafu tukatia grafiti, unga mkavu mweusi. Kaboni yake imejipanga katika matabaka yanayoteleza moja juu ya jingine, na kwa kuwa ni kavu haigandi na vumbi kama mafuta. Asiyeipata asage penseli laini ya 6B. Ile ya HB ina udongo mwingi zaidi, nao hukwaruza. Tia kidogo, zungusha gurudumu mara nyingi, pangusa unga uliozidi.

Watoto walitaka kila mmoja atoe faranga, mshindi achukue zote. Nilikataa, kwa kuwa hiyo ni kamari iliyoharamishwa katika Surat al-Maida, aya ya 90, hata ikiwa ya watoto. Mzee mmoja wa msikitini, asiyekuwa na gari mashindanoni, akatoa madaftari yawe zawadi. Yule mtoto wangu alipata nafasi ya tatu, na madaftari mawili.