Funga ya 19: Pesa ya Chapchap na Futari Yako



Ndugu zangu katika imani, tumshukuru Allah (s.w) aliyetufikisha funga ya 19. Kesho magharibi, inshaallah, tunaingia kumi la mwisho. Kabla hatujaingia, leo tuzungumze jambo linalotusumbua mitaani kwetu, kuanzia Mbagala na Tandika mpaka Tandale na Mwananyamala: dhiki ya hela, na pesa ya chapchap.

Filamu nyingi za Bongo zina kisa hiki. Kijana kodi imemwishia, mtoto anaumwa, mwenye nyumba anagonga mlango. Anatokea rafiki na "mchongo": kazi ya usiku mmoja tu, halafu tunaachana nayo. Tunaangalia tukisema, "Huyu naye, mjinga kweli!" Lakini tujiulize: wangapi kati yetu tumeletewa mchongo na tukakaa kuufikiria? Mtu haanzi na panga. Anaanza na deni, na kuona haya kulisema.

Tuchukue mfano tunaoufahamu wote. Wengi mnaikumbuka DECI, pale Mabibo. Watu walikuwa "wanapanda mbegu", wakisubiri "kuvuna" mara dufu. Foleni zilikuwa ndefu. Walipanda mama lishe, walimu, makondakta, wengine hata kwa fedha za mkopo. Mwaka 2009 serikali ikaisimamisha na viongozi wake wakafikishwa Mahakama ya Kisutu. Mwaka 2013 baadhi yao wakatiwa hatiani kwa kuendesha upatu na kupokea amana za watu bila leseni. Walioongoza jambo lile walikuwa na heshima ya dini katika jamii yao. Wala sisi tusinyooshe kidole. Wangekuja na kanzu na tasbihi, wengi wetu tungepanda pia. Cheo cha dini cha mwenye biashara hakiihalalishi biashara.

Hesabu yake ni hii. Tuseme unapanda elfu hamsini, unaahidiwa laki moja. Hakuna kiwanda, hakuna duka, hakuna shamba. Ili ulipwe wewe mmoja, lazima waje wawili. Ili walipwe hao wawili, waje wanne. Hatua ya kumi wanatakiwa watu 1,024. Hatua ya ishirini wanapita milioni moja. Hatua ya ishirini na tatu wanapita milioni nane, na Dar es Salaam nzima, kwa sensa ya 2022, ina watu milioni tano na kitu. Kwa hiyo lazima uanguke. Swali ni nani utamwangukia.

Tusichanganye na mchezo wa akina mama. Kumi wanatoa elfu kumi kumi, kila mmoja kwa zamu yake anapata laki, hakuna aliyezidishiwa wala aliyepunguziwa. Huko ni kusaidiana. Ule mwingine ni kula.

Na hapa ndipo pagumu. Mtu anasema, "Mimi nilivuna mapema, sikumwibia mtu." Ndugu yangu, ile laki uliyovuna ilitoka wapi? Ni elfu hamsini hamsini za majirani wawili waliokuja baada yako. Hukuvunja milango yao, lakini umekula chao.

Angalieni mpangilio wa Qur'ani katika Suratul Baqara. Aya za funga zinaanzia 183 mpaka 187. Inayofuata tu, ya 188, inatukataza kuliana mali kwa batili. Mchana umejizuia maji, nayo ni halali yako, kwa amri ya Mola wako. Vipi magharibi ufuturu kwa jasho la mwenzako? Katika Sahihi Muslim, Mtume (s.a.w) ametueleza habari ya msafiri aliyechoka, vumbi tupu, ameinua mikono anamwomba Mola wake, na huku chakula chake na vazi lake ni vya haramu. Atajibiwa vipi? Sisi tunakwenda kuutafuta usiku wa Laylatul Qadr. Tuikague mikono kwanza kabla hatujaiinua.

Lakini darsa hili si la kumkemea mwenye dhiki. Mtume (s.a.w) mwenyewe alikuwa akijikinga kwa Allah na deni ndani ya sala, na akaeleza sababu: mwenye deni akizungumza husema uongo, akiahidi havunji kitu ila ahadi yake. Huo ndio mlango anaopitia shetani. Mama mwenye genge anachukua kausha damu, rejesho kila siku. Siku moja mvua inanyesha, hauzi. Anakopa kwingine alipe kule. Mume hajui. Wengine wanakopa kwa simu, na wakichelewa, majina yote kwenye simu yao yanatumiwa ujumbe wa kuwafedhehesha. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza programu 69 za mikopo ya simu zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Mtu aliyebanwa hivyo, mchongo ukimfikia, unaingia kirahisi.

Na michongo ya siku hizi haina bunduki. Kijana anaambiwa, "Weka kidole tu hapa, sajili laini, chukua elfu tano." Laini ile ndiyo inayotumika kwenye zile meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii". Tangu 2019 laini zinasajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA. Mzee wa watu akitapeliwa akiba yake, polisi wanakuja na jina lako wewe. Na Siku ya Kiyama kidole hicho hicho kitashuhudia.

Tufanye nini? Mambo matano, kuanzia leo:

1. Mwenye deni, usijifiche. Nenda kwa anayekudai kabla hajakufuata, sema ukweli, omba muda, lipa hata kidogo.

2. Unayedai, soma Baqara 280. Mwenye dhiki anapewa muda mpaka apate nafuu, na kumsamehe ni bora zaidi. Ramadhani hii futa hata deni moja.

3. Mtoa zaka, kumbuka aya ya 60 ya Suratut Tawba. Wenye madeni ni fungu mojawapo kati ya manane. Huenda yupo safu moja nawe, na zaka yako ikamwondoa kwenye mchongo kabla hajauingia. Mwenye shida azungumze na imamu faragha. Hakuna atakayetajwa jina.

4. Ukiletewa "fursa", uliza: kinauzwa nini hapa? Faida inatoka wapi? Wana leseni ya Benki Kuu? Jibu likiwa "leta watu wawili", ondoka. Halafu piga *106# uangalie laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoijua, nenda kwa mtandao husika ikafutwe.

5. Uliyekwisha kula, mlango wa toba uko wazi, lakini haki ya mtu hairudi kwa istighfari peke yake. Unayemjua mrudishie. Usiyemjua, muulize sheikh wako namna ya kuitoa mali ile mikononi mwako.

Wazazi, neno la mwisho ni letu. Idi inakuja, watoto wanataka nguo. Kijana asiye na kazi akija na mfuko wa hela, tusipige vigelegele kabla ya kumuuliza, "Mwanangu, umeipata wapi?" Na akija mikono mitupu, tusimdharau. Kanzu ya mwaka jana ikifuliwa ikanyooshwa, sala ya Idi inaswihi.

Ewe Mola wetu, tutosheleze kwa halali Yako tusiihitaji haramu. Wenye madeni walipie, wenye dhiki wafungulie, na zikubali funga zetu. Amin.

Kesho, inshaallah: adabu za itikafu. Mtumie darsa hili ndugu yako mmoja. Ramadhan Karim.