Akina Chebet watatu kwenye dirisha moja: kwa nini nambari yako ya mgonjwa ina uzito

Mkaazi wa Kericho au Bomet hahitaji kuelezwa jinsi majina yetu yanavyotolewa. Aliyezaliwa alfajiri ni Kipkoech au Chepkoech, wa mchana ni Kibet au Chebet, na wa jioni mbuzi wakirudi zizini ni Kiprono au Cherono. Nyumbani utaratibu huu haumsumbui mtu. Hospitalini, siku moja ya kliniki yaweza kuleta akina Chebet watatu wa rika moja, wawili kati yao wakiwa na jina la pili lile lile. Karani akitoa faili isiyo yake, daktari atasoma historia ya mtu mwingine, na aliyewahi kudhurika na penisilini anaweza kuandikiwa penisilini.

Ndiyo sababu mfumo wa kompyuta hospitalini huanza na nambari ya mgonjwa. Mashine huja baadaye.

Mfano wa karibu uko kwa majirani zetu wa Nandi. Mwaka wa 2001, Chuo Kikuu cha Moi na kile cha Indiana, Marekani, vilianzisha kumbukumbu za kompyuta katika kituo cha afya cha Mosoriot, kusini mwa Eldoret. Kila mgonjwa alisajiliwa na kupewa nambari. Alitembea na fomu ya karatasi kutoka chumba hadi chumba, kisha karani akayaingiza maelezo kwenye kompyuta mwishoni. Daktari hakulazimika kuchapa chochote. Kazi iliyoanzia hapo ilichangia kuzaliwa kwa OpenMRS, programu ambayo KenyaEMR, inayotumika katika vituo vingi nchini, imejengwa juu yake.

Watafiti walipima saa kabla na baada ya mfumo, wakachapisha matokeo mwaka wa 2003. Ziara ya mgonjwa ilifupika kwa asilimia 22, na muda wa kusubiri ukapungua kwa asilimia 38. Hapo wengi hupiga makofi. Lakini muda wa mgonjwa kuwa na mhudumu nao ulipungua kwa asilimia 58, huku wafanyakazi wakipata nafasi zaidi ya shughuli zao binafsi. Kwa maoni yetu, takwimu hiyo ndiyo ya kusomwa mara mbili na kila msimamizi wa hospitali. Kompyuta ilipunguza kazi ya kuandika. Kuamua dakika zilizookolewa ziende wapi ni kazi ya wenye hospitali. (Na umeme unapokatika, kama tunavyojua msimu wa mvua, fomu ya karatasi bado ina kazi yake.)

Katika nchi ya majani chai kuna jambo la ziada. Mchumaji huhama: mwaka huu yuko shamba hili, mwaka ujao lingine, na likizo yuko kwao Kisii au Kakamega. Matibabu ya kawaida ya kifua kikuu huchukua miezi sita. Kumbukumbu zikibaki kwenye zahanati ya kwanza, dozi inaweza kukatika njiani bila mtu kujua.

Mchumaji huyo huyo huuliza: je, mnyapara ataona nina virusi? Swali hilo ni halali. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu hali ya afya kuwa taarifa nyeti, na Sheria ya Afya ya Kidijitali ya 2023 nayo inalinda siri za mgonjwa. Mwajiri hana ruhusa ya kufungua faili yako eti kwa kuwa zahanati iko shambani mwake. Una haki ya kuuliza taarifa zako zinatumiwaje, kuziona, na kutaka zirekebishwe zikiwa na kosa.

Ukienda hospitali, beba kitambulisho cha taifa na kadi ya kliniki yenye nambari yako. Taja majina yote matatu kama yalivyo kwenye kitambulisho, na tarehe ya kuzaliwa. Usimwazime jirani kadi yako hata kwa huruma, kwani ugonjwa wake utaandikwa kwako. Ambaye hajajisajili na SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024, apige *147#. Na kabla hujaondoka dirishani, mwombe karani akusomee jina na nambari alizoandika.